Mafuta Yaliyochacha na Yai Lililochemshwa: Kueleza kwa Kiswahili Uharibifu wa Lipidi na Protini katika Maradhi ya Macho

Ikisiri

Makala hii inaeleza jinsi uoksidishaji unavyoharibu lipidi na protini za jicho, na inachunguza iwapo maneno tunayoyatumia kwa Kiswahili kuueleza uharibifu huo yanamsaidia mgonjwa kuamua ipasavyo. Mifano inatoka Kajaga, kando ya Ziwa Tanganyika, jijini Bujumbura. Hoja kuu ni kwamba uharibifu wa lipidi na uharibifu wa protini, ijapokuwa vyanzo vyake vinahusiana, haufuati mwendo mmoja wala hauna tiba moja, ilhali lugha ya matangazo ya afya huuweka wote chini ya neno “sumu”. Mkanganyiko huo huwafanya watu wenye mtoto wa jicho kununua vidonge na matone badala ya kwenda kufanyiwa upasuaji. Makala inapendekeza istilahi tatu, pamoja na namna ya kuzitumia katika ujumbe wa afya wa Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Maneno msingi: uoksidishaji, lipidi, protini, mtoto wa jicho, istilahi za tiba

1.0 Utangulizi

Kajaga iko kaskazini-magharibi mwa katikati ya jiji la Bujumbura, kwenye njia iendayo Gatumba na mpaka wa Kongo. Kama ilivyo katika fuo nyingi za upande huu wa ziwa, Kiswahili husikika hapa pamoja na Kirundi na Kifaransa, hasa pale samaki wanapouzwa. Samaki hao ni mukeke na wale wadogo ambao Warundi huwaita ndagala na Watanzania huwaita dagaa. Ndagala wengi huanikwa juani. Waliokauka vizuri na kuuzwa mapema hubaki na rangi ya fedha. Waliokaa muda mrefu ghalani huanza kugeuka manjano, kisha kahawia, na hutoa harufu kali ambayo mnunuzi mzoefu huitambua kabla hajaligusa gunia. Husema kwamba mafuta ya samaki yamechacha.

Mnunuzi huyo ametambua kwa pua yake mchakato uleule ambao katika maabara huitwa uoksidishaji wa lipidi, na ambao hutokea pia nyuma ya jicho lake mwenyewe. Makala hii inaanzia kwenye maarifa hayo. Swali lake si iwapo Kiswahili kina uwezo wa kueleza kemia ya jicho, kwani uwezo huo kinao. Swali ni maneno yapi kati ya yale tuliyonayo yanamwelekeza mgonjwa kwenye tiba iliyopo, na yapi yanampoteza.

Swali hili lina uzito. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mtoto wa jicho ndiye sababu kubwa kuliko zote ya upofu duniani, na upofu huo huweza kuondolewa kwa upasuaji. Nchini Burundi kwenyewe, tathmini iliyochapishwa mwaka 2012 ilifanywa katika mikoa ya Kayanza na Ngozi, ambayo wakati huo haikuwa na huduma za macho. Mahali ambapo huduma iko mbali, neno analolisikia mgonjwa kwa jirani au kwa muuza dawa ndilo hutangulia kumfikia kuliko daktari, na mara nyingi ndilo linaloamua kama atasafiri au atangoja.

2.0 Uoksidishaji ni nini?

Oksijeni ni uhai, lakini ni uhai wenye gharama. Seli zinapoitumia kuzalisha nishati, sehemu ndogo yake hugeuka kuwa molekuli zisizotulia, zikiwamo zile ziitwazo radikali huru. Radikali huru ni molekuli yenye elektroni isiyo na mwenzake. Kwa kuwa haina utulivu, hunyang’anya elektroni kutoka kwa molekuli iliyo jirani, na jirani aliyenyang’anywa hubadilika. Huo ndio uoksidishaji kwa maana inayotuhusu hapa.

Jicho liko katika hatari ya pekee kwa sababu mambo mawili hukutana ndani yake. La kwanza ni mwanga, ambao huupokea mchana kutwa, ikiwamo miale ya urujuanimno. La pili ni oksijeni, kwani retina ni miongoni mwa tishu zinazotumia oksijeni nyingi zaidi mwilini kwa kulinganisha na uzito wake. Mwili haukuliacha jicho bila ulinzi: lina vimeng’enya vinavyozima molekuli hizo, lina vitamini E katika tando za seli, na lenzi yake ina hazina kubwa ya glutathioni. Vitamini C katika majimaji ya mbele ya jicho huwa nyingi mara kadhaa kuliko ile iliyomo katika damu. Maradhi huanza pale ulinzi huo unapozidiwa kwa miaka mingi, kutokana na umri, jua, moshi wa tumbaku au kisukari.

3.0 Lipidi: uharibifu unaoenea kama mnyororo

Seli za retina zinazopokea mwanga zina tando zilizopangwa kama sahani nyembamba, moja juu ya nyingine. Karibu nusu ya asidi za mafuta katika fosfolipidi za tando hizo ni asidi ya dokosaheksaenoiki, ambayo wataalamu huifupisha DHA. Asidi hii, ambayo hupatikana pia katika mafuta ya samaki, ina vifungo maradufu sita. Vifungo hivyo huupa utando ulaini unaohitajika ili kupokea mwanga upesi, lakini pia huifanya iwe rahisi kushambuliwa: hidrojeni iliyo kati ya vifungo hivyo hung’olewa bila shida.

Shambulio likianza, haliishii kwenye molekuli moja. Asidi ya mafuta iliyopokonywa hidrojeni huungana na oksijeni, kisha yenyewe humpokonya jirani yake, na huyo naye jirani yake. Ni sawa na deni linalolipwa kwa kukopa kwa mtu mwingine: mdai wa kwanza huridhika, lakini deni halijaisha, limehamia nyumba ya pili. Kazi ya vitamini E ni kulipokea deni hilo na kukaa nalo bila kumdai mwingine, na hapo mnyororo hukatika.

Mnyororo usipokatika, lipidi huvunjika na kuacha mabaki kama vile malondialdehidi na hidroksinonenali, ambayo hujishikiza kwenye protini na kuziharibu. Nyuma ya retina kuna tabaka la seli zenye rangi ambalo kila siku humeza takriban sehemu moja ya kumi ya sahani hizo kuukuu, huku nyingine mpya zikiundwa. Seli hizi hufanya kazi hiyo maisha yote bila kupumzika. Lipidi na protini zilizooksidishwa ni vigumu kumeng’enywa, kwa hiyo mabaki yake, yaitwayo lipofusini, hurundikana ndani ya seli hizo. Urundikaji huu ni sehemu ya chanzo cha kuchakaa kwa makula, yaani sehemu ya kati ya retina inayotuwezesha kusoma na kutambua sura za watu.

Kwa mchakato huu Kiswahili kinalo neno kuchacha, na ni neno zuri, ila lina tahadhari moja. Tunasema ugali au mchuzi umechacha tukimaanisha kwamba vijidudu vimeuchachua. Mafuta nayo tunasema yamechacha, lakini hapo mara nyingi mharibifu ni oksijeni, wala hapahitajiki kijidudu chochote. Mwandishi wa afya asipoitenganisha mifano hii miwili, msomaji atadhani kuna vijidudu jichoni, naye atatafuta dawa ya kuviua. Kwa hiyo mfano unaofaa ni wa ndagala wa ghalani au wa mawese yaliyoachwa wazi juani, si wa mchuzi uliolala.

4.0 Protini: uharibifu unaojikusanya

Lenzi ya jicho ina tabia ambayo viungo vingi havina. Takriban theluthi moja ya uzito wake ni protini, na nyingi kati ya hizo ni zile ziitwazo kristalini. Ili mwanga upite bila kizuizi, seli za nyuzi za lenzi hupoteza viini vyake na viungo vyake vya ndani zinapokomaa. Zikishavipoteza, haziwezi tena kuunda protini mpya. Kristalini zilizo katikati ya lenzi ya mzee wa miaka sabini ni zilezile zilizoundwa alipokuwa bado tumboni mwa mama yake.

Kwa hiyo kila jeraha linalozipata protini hizo hubaki. Uoksidishaji hushambulia hasa sehemu zake zenye salfa: sisteini na methionini. Sisteini mbili zilizooksidishwa hufungamana, na protini zilizokuwa mbalimbali huanza kushikana. Aina moja ya kristalini, alfa, hufanya kazi ya mlezi: huzishika protini zilizoanza kukunjuka ili zisigandamane. Lakini walezi hawa nao hawaongezwi, na kadiri miaka inavyopita hutumika na kupungua. Glutathioni ya katikati ya lenzi nayo hupungua kwa umri. Hatimaye mafungu ya protini huwa makubwa kiasi cha kuutawanya mwanga badala ya kuupitisha, na mtu huanza kuona kama anatazama kupitia kioo chenye ukungu. Huyo ndiye mtoto wa jicho.

Mfano wa nyumbani ulio karibu zaidi na jambo hili ni ute wa yai. Ukiwa mbichi, mwanga hupita ndani yake. Ukichemshwa, protini zake hukunjuka, hushikana na kuwa nyeupe. Mfano huu nao una mpaka wake: yai hugandishwa na moto kwa dakika chache, ilhali lenzi hugandishwa na uoksidishaji na mabadiliko mengine ya kemia kwa miongo kadhaa. Hata hivyo mfano unafundisha jambo ambalo mgonjwa anahitaji kulijua kuliko yote. Hakuna anayelirudisha yai lililochemshwa liwe bichi kwa kulimwagia kitu juu ya ganda.

5.0 Majina ya ugonjwa na matarajio yanayobeba

Kila lugha imeuona weupe wa mboni na kuupa jina kwa kadiri ya macho yake. Kilatini kiliuita maporomoko, na kutoka hapo Kifaransa na Kiingereza vimelipata neno vinalotumia hadi leo. Kiarabu huuita maji meupe. Kinyarwanda, jirani wa karibu wa Kirundi, hutumia ishaza, neno ambalo pia ni jina la punje ya njegere. Kiswahili kimeuita mtoto wa jicho.

Majina haya hayana kosa, lakini kila moja huja na matarajio yake. Maji huweza kukaushwa au kuoshwa. Punje huweza kutolewa. Mtoto hukua, na baada ya kukua hukomaa. Jina letu linakwenda sambamba na ushauri wa zamani kwamba mgonjwa angoje hadi mtoto wa jicho akomae ndipo apasuliwe. Ushauri huo ulikuwa na msingi katika mbinu za upasuaji za nyakati zile. Leo hauna msingi tena: lenzi yenye ukungu huondolewa na lenzi bandia kuwekwa mahali pake pindi ukungu unapomzuia mtu kufanya shughuli zake. Harold Ridley aliweka lenzi bandia ya kwanza jijini London mwaka 1949, na upasuaji wa namna hii sasa hufanyika hata katika kambi za muda vijijini. Lenzi iliyoachwa ikomae kupita kiasi huwa ngumu zaidi kuiondoa, na huweza kusababisha uvimbe na kupanda kwa shinikizo la jicho.

Sipendekezi jina mtoto wa jicho liachwe, kwa kuwa limekwisha kukita mizizi. Ninapendekeza liambatane daima na maelezo mafupi: “mtoto wa jicho, yaani kuganda kwa protini za lenzi”. Sehemu ya pili ya kauli hii huondoa matarajio ya kungoja, na hueleza papo hapo kwa nini hakuna tone la dawa litakaloliosha.

6.0 “Viondoa sumu” na ushahidi uliopo

Neno linalohitaji kurekebishwa haraka zaidi ni viondoa sumu. Katika magazeti, redio na matangazo ya virutubisho, neno hili limekuwa tafsiri ya kawaida ya kundi la vitamini C, vitamini E, karotini na nyinginezo. Kosa lake ni kwamba linamfanya msikilizaji aione sumu kuwa kitu kilichoingia mwilini na kinachoweza kutolewa, na kwamba kikishatoka jicho litarudi lilivyokuwa. Ushahidi wa kitabibu hauungi mkono picha hiyo, na hapo ndipo tofauti ya lipidi na protini inapodhihirika.

Kuhusu retina, utafiti mkubwa uliofanywa Marekani na kutolewa matokeo yake mwaka 2001 uliwapa washiriki vitamini C, vitamini E, beta-karotini na zinki. Miongoni mwa wale waliokuwa tayari na hatua ya kati ya kuchakaa kwa makula, hatari ya kufikia hatua mbaya ilipungua kwa takriban asilimia 25 katika miaka mitano. Mnyororo wa uharibifu ulicheleweshwa, haukurudishwa nyuma. Utafiti uliofuata, wenye washiriki 4,203 na uliochapishwa mwaka 2013, uliunga mkono kuweka luteini na zeaksanthini mahali pa beta-karotini, kwa sababu beta-karotini ya vidonge ilihusishwa na ongezeko la saratani ya mapafu kwa waliowahi kuvuta sigara.

Kuhusu lenzi, matokeo ni tofauti kabisa. Vidonge vya utafiti wa 2001 havikumzuia mtoto wa jicho. Mapitio ya majaribio tisa yaliyohusisha watu 117,272, yaliyochapishwa mwaka 2012, hayakuona kwamba beta-karotini, vitamini C au vitamini E huzuia mtoto wa jicho au hupunguza kasi yake. Matone ya asetili-kanosini, yanayouzwa kupitia intaneti kwa ahadi ya kusafisha lenzi, yalipitiwa mwaka 2017, na haukupatikana ushahidi wa kuridhisha kwamba yanafanya hivyo. Mwaka 2015 watafiti walitangaza kwamba lanosteroli iliyeyusha mafungu ya protini katika lenzi za wanyama. Majaribio yaliyofuata katika lenzi za binadamu hayakupata matokeo hayo. Utafutaji unaendelea, lakini mgonjwa wa leo hapaswi kuambiwa kwamba dawa ipo.

Tahadhari moja ni ya lazima hapa. Mawese mekundu, yanayokamuliwa kwa wingi Rumonge, yana karotini ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na vitamini A humlinda mtoto mdogo dhidi ya kutoona gizani na ukavu wa macho unaoweza kumpofusha. Faida hiyo ni ya kweli. Lakini ni faida dhidi ya upungufu wa vitamini A, ambao ni ugonjwa mwingine. Kumwambia bibi mwenye mtoto wa jicho kwamba mawese au vidonge vya karotini vitamrudishia nuru ni kuchukua ukweli wa mjukuu na kuugeuza uongo kwa bibi.

7.0 Ni nani aliye juani?

Kinga ipo, nayo huanza kwa kumtambua anayehitaji kuambiwa. Uchunguzi mmoja unaotajwa sana ulifanywa kwa wavuvi 838 wa Ghuba ya Chesapeake, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1988. Ulionyesha kwamba waliopokea urujuanimno mwingi zaidi walikuwa na hatari kubwa zaidi ya mtoto wa jicho wa gamba la lenzi. Mionzi iliyopokelewa ikiongezeka maradufu, hatari hiyo ilipanda mara 1.6. Haukuona uhusiano kama huo kwa mtoto wa jicho wa kiini cha lenzi.

Ni rahisi kuyachukua matokeo hayo na kuandika bango la “Wavuvi, yalindeni macho yenu”. Kwa Ziwa Tanganyika, bango hilo lingekosea anwani. Ndagala huvuliwa usiku, kwa taa zinazowavuta samaki juu. Mvuvi yuko majini wakati ambapo hakuna jua. Anayekaa juani kutwa, katika latitudo iliyo karibu na ikweta na kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 700, ni yule anayewaanika samaki, kuwageuza na kuwauza. Na katika fuo zetu kazi hiyo mara nyingi ni ya wanawake. Ndio pia wanaopika kwa kuni na makaa, na tafiti kadhaa za Asia ya Kusini zimeuhusisha moshi wa kuni na mtoto wa jicho. Duniani kote wanawake wanabeba sehemu kubwa zaidi ya upofu wa mtoto wa jicho, na katika nchi nyingi hupata upasuaji kwa uchache kuliko wanaume.

Kofia yenye ukingo mpana hupunguza kwa kiasi kikubwa mionzi inayofika jichoni, nayo ni bei ndogo kuliko chupa moja ya virutubisho. Ujumbe wa kinga kwa Kajaga, basi, uzungumze na mama anayeanika ndagala, umtaje kwa kazi yake, na umwambie mambo matatu: kofia, moshi, na kupimwa macho mapema.

8.0 Mapendekezo na hitimisho

Kwa watafiti wa lugha na washauri wa sera, makala inapendekeza istilahi tatu. Uoksidishaji utumike kwa mchakato wenyewe. Kuchacha kwa lipidi na kuganda kwa protini vitumike kwa matokeo yake mawili, kila moja kwa mfano wake. Vizuia uoksidishaji vichukue nafasi ya viondoa sumu. Istilahi hii ya mwisho ni ndefu, lakini inasema ukweli: kuzuia hufanyika kabla ya jambo kutokea, au wakati bado linaendelea. Kilichokwisha kuganda hakizuiwi.

Jumuiya ya Afrika Mashariki inazo taasisi za kulifanya jambo hili. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ina makao yake Zanzibar. Kamisheni ya Utafiti wa Afya ya Afrika Mashariki ina makao yake Bujumbura. Zingeweza kuanza na orodha fupi ya istilahi za macho, iliyojaribiwa kwa wagonjwa wenyewe kabla ya kuchapishwa, kwa Kiswahili na kwa Kirundi bega kwa bega. Mwezi Mei 2021, Baraza la Afya Duniani liliafiki lengo la kuongeza ufikiaji wa upasuaji wenye mafanikio wa mtoto wa jicho kwa asilimia 30 za nyongeza ifikapo 2030. Lengo hilo hupimwa kwa idadi ya watu waliopasuliwa na kuona vizuri, na mtu hafiki kwenye meza ya upasuaji akiwa bado anaamini kwamba mtoto hajakomaa, au kwamba chupa ya pili ya matone itamaliza kazi iliyoanzwa na ya kwanza.

Mnunuzi wa Kajaga hahitaji kufundishwa kwamba mafuta huchacha, wala kwamba yai lililoiva haliwi bichi tena. Hayo anayajua. Wajibu wetu ni kumwonyesha kwamba maarifa hayo mawili yanahusu pia macho yake, na kwamba kwa la kwanza kuna kinga na ucheleweshaji, na kwa la pili kuna upasuaji.